Alhamisi Uliyolala kwa Jina Langu

Kitale,
Jumapili, 11 Oktoba 2009

Ndugu yangu Mulongo,

Mulembe. Nimekukosea. Hilo neno nimeliweka mbele ya salamu zingine kwa sababu najijua: nikianza na habari ya mvua na mahindi nitafika mwisho wa karatasi bado nazunguka. Sasa limeshakaa hapo juu, hata nikitaka kukimbia haliwezi kutoka. Wacha nikusalimie vizuri.

Habari ya Bungoma? Phelista hajambo? Watoto je, na mama? Mwambie mama lile shuka alinipatia bado najifunika nalo, ijapokuwa baridi ya huku Kitale mwezi huu inaingia hata ndani ya shuka la mama. Biashara ya baiskeli inaendeleaje, ama hizi pikipiki zimewamaliza kabisa? Na kichwa chako je? Hiyo ya kichwa siulizi kwa sababu ya adabu ya barua. Nataka jibu.

Mimi mwili uko sawa. Nakula, nalala. Leo niko zamu peke yangu hapa kituoni, nimekaa stoo kwenye jerikeni la dizeli, na ng'ambo ya ukuta ile mashine ya kupiga picha za vichwa inapumua. Hata Jumapili haizimwi. Hakuna mgonjwa lakini inapumua tu, chii, chii, kama kifaranga amepotea mama yake. Zamani nilikuwa sisikii tena hiyo sauti. Siku hizi nasikia.

Utauliza kwa nini naandika barua na simu iko. Nimejaribu, bana. Wiki hii nimekupigia, ukashika, na kabla sijamaliza kusema haloo ukaanza, ati Mzee wa Kitale, ati umekuwa tajiri mpaka unapiga simu bila kukata. Ukacheka. Ukinicheka mimi nasahau maneno yote, tangu utoto. Nikakuuliza tu habari ya mvua. Naim fundi wa redio amekuja hapa kutafuta spea, kesho anarudi Bungoma, nimemuomba akuletee hii mkononi. Isome ukiwa umekaa. Phelista akiwa karibu ni vizuri.

Wacha nikueleze kazi yangu sawasawa, kwa sababu nyumbani mlishakubaliana kwamba mimi ni fundi wa mashine na mimi sikuwahi kukataa. Mimi ni mtunza nyumba. Nafagia, nafungua geti, stima ikipotea nawasha jenereta. Ile ingine ya Alhamisi nilipewa mwaka jana alipokuja Daktari Jepkosgei. Huyo si daktari wa sindano, ni wa kusomea mawimbi. Msichana wa watu wa Eldoret huko, mpole, akifikiri anatafuna kifuniko cha kalamu. Alikuwa anatafuta kichwa, na mimi nikampatia changu.

Iko hivi. Ile mashine inatuma mawimbi ya redio ndani ya kichwa, halafu inasikiliza vile kichwa kinajibu, na hilo jibu ndiyo linakuwa picha. Shida ni kwamba mawimbi hayaingii sawasawa. Katikati yanaweza kuwa na nguvu, pembeni yakawa dhaifu. Ni kama mahindi ya kuchoma: upande huu umeungua, upande ule bado maziwa, na si makosa ya mahindi, ni makaa. Sasa daktari wa hospitali akiangalia picha anaona mahali pana giza, hajui kama huo ni ugonjwa ama ni wimbi tu halikufika. Kwa hivyo Jepkosgei anachora ramani ya hayo mawimbi: hapa yalifika sana, hapa kidogo. Ukiwa na ramani ya kweli unaweza kunyoosha picha. Ukiwa na ramani mbaya unaweza kuwekea mtu ugonjwa ambao hana, ama kumfutia ule ambao anao. Hiyo maneno ya mwisho aliniambia yeye mwenyewe siku ya kwanza, na nikaitikia kwa kichwa kama mtu ameelewa.

Na kanuni yake ilikuwa moja: kichwa kiwe kile kile kila Alhamisi. Hivyo ramani ikibadilika, atajua ni mashine imebadilika, si mtu. Ndiyo nikawa nalala pale. Kipketer, kijana anayeendesha mashine, alinibatiza jina Mzee wa Kichwa. Mtu akiniita getini Kipketer anamjibu ati ngoja kidogo, kichwa kiko kazini, miguu itakuja baadaye.

Nikuambie kitu, Mulongo. Kulala pale ndani ni upweke sana. Umefungiwa kichwa ndani ya kitu kama kikapu, hauwezi kugeuka, na makelele yanaanza, du du du du, kabisa kama ile mashine ya posho ya Kimilili tulipokuwa tunapanga foleni na debe la mahindi. Basi mimi nikiwa pale nafunga macho na nakuona wewe. Nakuona na unga kwenye nyusi. Naona tukishuka mto Kuywa, wewe mbele, mimi nyuma, ijapokuwa mimi ndiye nilizaliwa mbele. Naona ule mkeka ambao tulilala mpaka tukawa wanaume, na vile ulikuwa unanivuta shuka na asubuhi unakataa. Nimekaa Kitale miaka mingi, nimelala kitanda changu, na mpaka leo nalala upande mmoja tu. Upande ule mwingine ni wako. Sijawahi kukuambia hiyo kwa mdomo.

Sasa unajua ile Alhamisi ya Machi. Najua unajua, kwa sababu kila ukija kwa watu unaipiga kama hadithi na wanakufa na kicheko. Nitafika hapo. Ngoja kwanza nikuambie yaliyokuja baadaye, ambayo wewe haujawahi kusikia.

Wiki iliyofuata Jepkosgei aliniita kwa ile chumba ya kompyuta, akafunga mlango. Akaniuliza polepole, kama mtu anashika yai, kama kichwa huwa kinaniuma. Nikasema hapana. Kama naona mbili mbili, kama mkono unakufa ganzi. Hapana, hapana. Akanionyesha picha ya Alhamisi iliyopita. Upande wa kulia, ndani, palikuwa na doa kama punje ya harage. Akasema nisiogope, inawezekana kabisa ni wimbi halikufika pale, ramani yake bado inadanganya mahali mahali. Akanirudisha ndani ya mashine siku hiyo hiyo.

Picha ikatoka safi. Hakuna harage.

Waliruka, Mulongo. Kipketer alinishika mkono akasema Mzee wa Kichwa amefufuka. Jepkosgei alifuta macho na mkono wa koti. Alikuwa ameogopa kwa ajili yangu, na mimi mtu wa kufagia. Halafu akasema, basi ni hakika, ile doa ilikuwa makosa ya ramani. Na toka hapo ile doa ikawa ndiyo kazi yake. Alisema kama ramani inaweza kuzaa doa mahali hakuna, haifai kitu, na yeye hatapumzika mpaka aitengeneze.

Akatengeneza kweli. Unajua ramani anaipata vipi? Anapiga picha na wimbi dogo, halafu anapiga ingine na wimbi la nguvu mara mbili, analinganisha. Lakini kati ya picha na picha kichwa kinataka kupumzika kwanza, na akikosa kukingoja, hesabu inapinda. Mwanzoni alikuwa anaharakisha, kwa sababu stima ya huku unaijua. Akaanza kungoja. Akajaza chupa na maji ya chumvi, akaipima kama kichwa, kila mara, aone kama ramani inasema ukweli juu ya kitu ambacho ndani yake hakuna siri. Akatafuta hesabu ya kurudisha kile haraka iliiba, ili hata picha za zamani aweze kuzinyoosha. Miezi yote hiyo mimi nalala pale Alhamisi baada ya Alhamisi na kichwa changu kizima, na naomba Mungu. Unajua niliomba nini? Niliomba ramani iwe na makosa. Kila mtu pale ndani alikuwa anataka iwe sahihi, mimi peke yangu nataka iwe ya uongo.

Mwezi wa nane ikawa sahihi. Hata wale wakubwa wake wa Nairobi waliandika kumpongeza. Akachukua picha za ile Alhamisi ya Machi, akazipitisha kwa hiyo hesabu mpya. Aliniita nione, kwa sababu alidhani ni furaha yangu pia. Ile giza ya pembeni ikaondoka. Ule mng'aro wa uongo wa katikati ukaondoka. Picha ikanyooka, safi kama uwanja umefagiliwa. Na harage ikabaki pale pale. Tena sasa ilikuwa inaonekana vizuri zaidi.

Akatafuna kifuniko cha kalamu. Akaniuliza kama nakumbuka kitu chochote juu ya siku hiyo. Kama nilikuwa mgonjwa, kama nilikuwa nimekunywa, kama kuna kitu kilikuwa tofauti. Kipketer akadakia kwamba yeye anakumbuka siku hiyo vizuri, ndiyo siku pekee Mzee wa Kichwa alilala bila kutikisika. Siku zingine anameza mate, anakuna mguu, anakohoa. Siku hiyo alilala kama jiwe.

Nikasema sikumbuki kitu.

Jepkosgei akasema basi hiyo ni siku mbaya, lazima aitoe kwa kazi yake, maana haieleweki.

Ndugu yangu, sasa nimefika. Ulilala kama jiwe kwa sababu wewe hata mwaka ule tulipopakwa matope ya mto na kusimama mbele ya kisu cha tohara, mimi ndiye macho yalicheza na wewe hapana, na ukaninong'oneza ya kwamba hakuna aliyeona. Wewe ndiye ulilala pale. Ulikuja na kuku wawili kutoka kwa Phelista, na mahindi yangu yalikuwa kwenye foleni ya bohari, lori liko karibu na geti, nikiondoka wananiruka. Nikakuambia si uende tu, bana, si tuko sura moja. Ukacheka mpaka ukashika ukuta. Ukasema shuleni ulichapwa viboko vyangu, sasa nataka upigwe na picha zangu pia. Ukavaa koti yangu. Ukaniuliza ukiulizwa jina useme nani. Nikakuambia Festus. Ukasema hilo ni jina la mtu mvivu, lakini utalibeba.

Halafu nikakufundisha majibu. Hii sehemu wewe ukihadithia huwa unaifanya ichekeshe, na mimi ndiyo inanimaliza. Nilikuambia wakikuuliza kama una chuma mwilini, sema hapana. Wakikuuliza kama umewahi kupasuliwa, sema hapana. Wakikuuliza kama kichwa kinakuuma, sema hapana. Ukaniangalia ukasema lakini changu kinauma tangu Krismasi. Nikakuambia, leo wewe ni mimi, na changu hakiumi.

Hiyo harage ni yako, Mulongo. Haikuwa wimbi. Nilijua toka ile dakika picha yangu ilipotoka safi na watu wakaruka. Na nikuambie yote nisibakishe: na mimi niliruka. Sekunde moja nilifurahi kuwa kichwa ni changu na doa si yangu. Baadaye ndiyo nikakumbuka ni ya nani.

Kwa nini nilinyamaza? Nilijiambia nikisema nitafutwa kazi, na ile kazi ya yule msichana itaharibika kwa sababu ya foleni ya mahindi. Halafu nikajiambia pengine ni makosa kweli, ngoja atengeneze ramani tuone. Akatengeneza, na mimi nikanyamaza tena. Nilimwacha anatafuta makosa kwa mashine na makosa yamekaa mbele yake na ufagio mkononi. Na wewe uko Bungoma umemeza vidonge vya maumivu, unapanda baiskeli barabarani, na kila tukiongea unasema kichwa ni jua tu.

Wiki iliyopita Phelista alinipigia bila wewe kujua. Usimgombeze. Aliniambia umeangusha kikombe cha chai, ukakiangalia chini kama si wewe ulikuwa umekishika. Akaniambia ulicheka, lakini mkono wa kushoto ulikuwa umekaa tu mezani. Aliniuliza mimi, shemeji yake mwenye kufanya kazi na mashine ya vichwa, kama hiyo ni kitu ya kuogopa. Nikamwambia nitauliza. Nikakata simu nikakaa chini getini, mpaka dereva mmoja akanipigia honi nifungue na sikufungua.

Ijumaa nilienda kwa Jepkosgei. Nilimwambia nina ndugu tumezaliwa siku moja, na nikamwambia yote, foleni, koti, majibu. Nilingoja anifukuze. Alienda kwa kompyuta akaweka picha yako na yangu pamoja, kando kando, na safari hii akaangalia ile mikunjo ya ubongo yenyewe. Akasema miezi yote hii alikuwa anaangalia mawimbi tu, hakuwa anaangalia mtu. Mikunjo inafanana sana, akasema, lakini si ya mtu mmoja. Halafu akanigeukia. Alikuwa na hasira, Mulongo, hasira ya mtu mpole ambayo ni mbaya zaidi. Akasema ya kazi yake tutaongea baadaye. Akaniuliza ndugu yako anaitwa nani. Nikasema Mulongo. Akaandika. Akaniuliza anaumwa? Nikalia hapo mbele yake na umri wangu huu.

Baadaye aliniambia ile ambayo nakuambia na wewe. Hajui ni kitu gani. Si yeye wa kusema. Inaweza kuwa kitu cha kukaa hapo miaka bila shida, na inaweza kuwa kitu cha kutolewa upesi. Lazima upigwe picha upya, na ramani hii ambayo sasa inasema kweli, halafu daktari wa ubongo aangalie. Ameshampigia daktari mmoja wa ubongo huko Eldoret, anangojea hiyo picha. Na aliniambia kitu ambacho sijui kama ni cha kunituliza ama cha kunichapa: kwamba kama si ile doa hangehangaika hivyo na ramani. Ati ndugu yako ndiye amefanya ikawa sahihi.

Mimi kazini sijui kama nitabaki. Wameniambia nishike geti mpaka mwisho wa mwezi, halafu wataamua. Lakini kichwa changu hakitakiwi tena Alhamisi, kanuni imeshavunjika. Sijali. Kitu nakiogopa ni kimoja. Naogopa kulala kitandani nikijua upande ule mwingine hakuna mtu mahali popote duniani. Niliachilia miezi saba ambayo ilikuwa yako, na hakuna vile nitakurudishia. Ukitaka kunitukana, nitukane. Ndiyo maana nimetanguliza barua, upate nafasi ya kunikasirikia kabla sijafika, nisikuje nikakuchekesha ukasahau.

Tafadhali usipande baiskeli. Usipande paa kurekebisha yale mabati. Kama mkono unakufa tena, ama ukitapika, ama macho yakifanya giza, msiningoje, Phelista akupeleke hospitali hapo hapo Bungoma na aonyeshe hii barua, mahali nimeandika upande wa kulia, ndani.

Msalimie mama, lakini usimwambie bado, nitamwambia mimi mwenyewe nikiwa nimepiga magoti. Huyo mama hakuwahi kununulia mmoja wetu kitu bila mwingine. Akileta ndizi moja anaikata. Atauliza kwa nini hii nilikuachia peke yako.

Jumatano saa sita mchana nitakuwa hapo kwa kibanda chako karibu na reli. Nimeomba gari ya jirani yangu, itatungoja, na Phelista atakuja na sisi. Alhamisi hii, tarehe kumi na tano, saa mbili asubuhi, utalala kwa ile mashine. Mimi nitakaa nje ya mlango kwa benchi, sitoki hata geti likipigiwa honi mpaka jioni. Wakikuuliza kama kichwa kinauma, sema ndiyo. Wakikuuliza jina, sema lako.

Ni mimi ndugu yako, wa upande ule mwingine wa mkeka,

Festus Mukhwana